Tundu la Karibu, Tundu la Mbali

6 Februari

Mume wangu,

Hujambo huko uliko? Mimi mkeo sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio. Shangazi yako amehamia ghorofani kwetu hapa hapa na sasa anatusalimia kwa kupiga kelele dirishani. Jirani mshona viatu amepata mapacha, wote wamerithi sauti ya baba yao, kwa hiyo mtaa mzima tunalea. Baba yako hajambo. Bado yuko kwenye bima, bado anakagua magari yaliyogongwa, na akikaa mezani anaikagua sahani kana kwamba nayo imegongwa.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu masikio yangu yanataka spika, na spika ikifunguliwa nyumba hii hata mapacha wanajua habari zetu. Bahasha anakuletea dereva wa basi la asubuhi. Nilimfundisha mimi kuendesha, kwa hiyo hawezi kuifungua. Ananiogopa mpaka leo.

Nina ombi dogo. Mke Mwenza amelegea kiuno. Unalikumbuka jina hilo, babu yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyelibatiza gari langu la kufundishia, kwa kuwa nilikuwa naliosha kabla ya kumwekea yeye chai. Sasa nikishuka mlima wa tangi la maji, pale Kona ya Kiwiko, linalala ubavu, na pua inataka kwenda moja kwa moja uani kwa mshona viatu. Nazidisha usukani, pua inazidi kukataa. Nimesikia kuna stabilaiza nene ya nyuma inayotibu ugonjwa huo. Kazi yako si ndiyo hiyo, shokapu, springi na vyuma vya chini? Nitumie moja.

Usimwambie baba yako. Hakuna jambo lolote. Nasema tu, hakuna jambo.

Na wewe siku hizi unaendesha gari gani?

Mkeo,
Bibi


1 Machi

Shikamoo Bibi, mke wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimehamia chumba kilicho juu ya duka la vioo, na kila nikishuka asubuhi naonana na nafsi yangu mara arobaini kabla sijanawa vizuri, jambo linalomvunja mtu moyo. Kazini tuko salama. Bosi ameacha sigara na ameanza kutufokea badala yake. Wape hongera mapacha, na mshona viatu mpe pole.

Bibi, mtu asiye na jambo haandiki "hakuna jambo" mara mbili. Baba alinipigia simu kabla barua yako haijafika. Anasema ulimmwagia chai kwenye suruali ya kazini pale Kiwiko, na kwamba gari limezeeka na dereva naye kadhalika. Anataka nikushawishi uliuze. Sikumkubalia wala sikumkatalia. Nilimwambia "nitaangalia", lile jibu la fundi yeyote.

Sasa nikueleze hicho unachokitaka. Gari likikata kona, mwili wake unalalia upande wa nje. Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayopita chini kutoka gurudumu moja hadi la pili. Upande mmoja ukitaka kudidimia peke yake, fimbo inajinyonga na kuukatalia. Ukifunga nene zaidi nyuma, gari halilali sana, na tairi la nyuma la nje linabebeshwa mzigo mkubwa zaidi wa ile kona. Mkia unapungukiwa mshiko kidogo, tairi za mbele zinapata nafuu, na pua inaanza kutii. Wateja wanaipenda. Wanasema gari linakuwa jepesi kuingia kona.

Lakini bosi anasema gari linaloinama ni gari linaloonya. Ukilinyonga lisiiname, linakaa kimya, halafu siku ya mvua mtu anashtuka katikati ya kona, anaondoa mguu kwenye mafuta, uzito wote unakimbilia mbele na mkia unatoka nje bila hodi. Tena usidhani chuma kitazuia chai. Chai inamwagwa na mwendo.

Kwa hiyo sitatuma. Nakupenda nikiwa nakuona mzima.

Kuhusu swali lako la mwisho, hali ya hewa hapa ni nzuri na nimenunua viatu vipya.

Mjukuu wako


10 Machi

Mume wangu mwenye viatu vipya,

Vizae matunda. Sisi wazima. Mapacha wameanza kulia kwa zamu, kama walinzi. Shangazi yako amekatwa umeme kwa kosa la kuchelewa kulipa na amekuja kukaa kwangu "siku mbili". Hii ni wiki ya pili, na kikombe changu hakionekani tena.

Kumbe baba yako keshakufikia. Basi nitakwambia yote. Jumapili aliita kikao sebuleni. Mimi, yeye, shangazi yako, na funguo zangu katikati ya meza. Akasema mwezi wa tano, tarehe kumi na nane, tutapanda hadi kwenye tangi na kushuka. Mimi nitaendesha. Yeye atakaa kando yangu, kwenye kiti changu cha mwalimu, amepakata sufuria ya maji iliyojaa pomoni. Dereva akimlowesha abiria, dereva anaacha funguo. Hayo ni maneno yake, na shangazi yako ni shahidi. Kuna mnunuzi tayari. Alikuja Jumanne akafungua boneti bila hata kunisalimia.

Nami nikaweka sharti langu. Unajua nilipostaafu nilikataa kung'oa pedali za pili, zile za mwalimu. Nikamwambia breki itakuwa miguuni mwake, akiigusa kwa woga tu, nimeshinda. Akakubali. Anajiona hana woga.

Usicheke. Bila funguo nitakuwa mtu wa kusubiri. Kusubiri kupelekwa zahanati, kusubiri kupelekwa sokoni, kusubiri shangazi yako akaushe kucha ndipo tutoke. Nimekaa miaka yote hiyo nikiwaambia watu "twende", na sasa niwe wa kuambiwa "ngoja". Naliogopa hilo kuliko kaburi, nakwambia bila kuficha.

Na kwamba maji humwagwa na mwendo, nilikuwa nalifundisha wewe hujazaliwa. Maji niachie mimi. Chuma nakitaka kwa sababu zangu.

Halafu, barua yako ina jambo limenikwaza. Wateja wanasema, bosi anasema. Na wewe unasemaje? Umewahi kukata kona mwenyewe, ukausikia mkia ukitoka?

Kama hutaki kutuma sema, nitafute mume mwingine.

Bibi


4 Aprili

Shikamoo Bibi,

Natumaini umeme wa shangazi umerudi na kikombe chako nacho. Hapa kumekuwa na joto. Kioo kimoja dukani kimepasuka chenyewe na mwenye duka ananitazama mimi.

Umeshinda. Sikulala vizuri nikikuwaza umekaa kibarazani unamsubiri shangazi. Chuma kinakuja na dereva wako wa basi. Nimekivingirisha kwenye magunia. Aliniuliza ni nini, nikasema ni cha Mwalimu, akakilaza chini ya viti taratibu kama mtoto mchanga.

Sasa tafadhali soma polepole. Kila mwisho wa chuma kuna matundu mawili ya kufungia linki, vile vijiti vinavyoiunganisha na gurudumu. Tundu la mbali, lile la nchani kabisa, linaifanya fimbo iwe laini. Tundu la karibu linaifanya iwe ngumu. Anza na LA MBALI, pande zote mbili. Bushi, zile raba zinazoishika fimbo, zipakwe grisi, la sivyo zitalia kama mapacha wenu. Tairi za nyuma ziwe na meno. Na barabara ikiwa na maji, ukishaingia kona, usiondoe mguu ghafla. Nimesema na nimerudia.

Baba akijua, mimi simjui mtu anayeitwa Bibi.

Swali lako la kona nimelisoma. Foleni ya hapa ni kubwa mno, mtu mwenye akili hutembea.

Mjukuu wako


22 Aprili

Mume wangu mtembea kwa miguu,

Sisi wazima. Umeme wa shangazi yako ulirudi, yeye bado. Baba yako amepandishwa cheo, sasa anakagua wakaguzi, na nyumbani hatuna raha.

Chuma kilifika salama. Kilifungwa na fundi wa pale kona ya soko, naye nilimfundisha mimi. Alianguka mtihani wa kurudi nyuma mara mbili, kwa hiyo hathubutu kunibishia. Wiki ya kwanza nilitumia tundu la mbali, kama bwana alivyoagiza. Pua ilianza kusikia. Nikapenda. Wiki ya pili nikamwambia fundi ahamishie la karibu.

Wacha kushika kichwa, endelea kusoma.

Kiwiko sasa ni kona ya halali. Ninageuza, pua inaingia, gari halilali, usukani hauniombi nyongeza. Mshona viatu, aliyekuwa uani kwake na pacha mmoja begani, anaapa kwamba gurudumu langu la nyuma la ndani lilinyanyuka kama mbwa aliyeona nguzo. Nikapunguza. Ubaya upo pia. Nikipita shimo kwa upande mmoja, upande wa pili nao unalalamika. Ni kama ndugu, ukimgusa mmoja wamekuja wote.

Kisha ikanyesha mvua, nikaenda kwenye uwanja mtupu wa ghala lililofungwa. Nikazunguka, nikaondoa mguu makusudi. Mkia ukatoka. Nikaurudisha. Nikautoa tena. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka namna ile, peke yangu, mtu mzima na kilemba changu.

Swali langu bado liko mezani na linapoa.

Bibi


16 Mei

Bibi, shikamoo, sina nafasi ya habari za vioo.

Dereva wa basi alikuwa mgonjwa na barua yako imenifikia leo. Keshokutwa ndiyo siku yenyewe! Rudisha tundu la mbali. Leo. Sasa hivi. Baba ana woga hata kama anajiona hana, akikanyaga ile breki ya mwalimu katikati ya kona mkiwa na tundu la karibu, mkia utawapita.

Nimepiga simu. Amepokea shangazi, akafungua spika, nikasikia mapacha, nikamsikia na baba akiuliza "Nani huyo?" Nikasema nimekosea namba. Kwa sauti yangu hii hii. Shangazi akanijibu, "Haya mwanangu, usikosee tena."

Nampa barua hii dereva msaidizi. Mungu ampe mwendo.

Mjukuu wako


26 Mei

Mume wangu,

Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa, mwendo mzuri kabisa kwa maziko. Tulia, hakuna aliyezikwa. Mapacha wameota jino moja kila mmoja. Shangazi yako amerudi kwake na kikombe changu.

Siku yenyewe asubuhi kulikuwa kweupe, hakuna wingu. Baba yako alivaa suruali ile ile ya chai, ili nione haya. Shangazi yako akajaza sufuria, akaniwekea hadi ukingoni kabisa, nikajua kura yake iko wapi. Tukapanda.

Nilipanda mlima ule kama ninayebembeleza mtoto alale. Mguu wa baba yako ulikuwa unaelea juu ya breki kila kona, nauona kwa pembe ya jicho, lakini hakuugusisha. Halikumwagika hata tone. Kufika kwenye tangi nikasimamisha, nikanyoosha mkono nipewe heshima yangu.

"Umeendesha kama unasindikiza maiti," akasema. "Nisipokuwepo huendeshi hivi. Shuka nikuonyeshe gari hili linavyolala."

"Mwanangu, tumemaliza. Maji haya hapa."

"Nusu ya jaribio ni kushuka, Mama. Nipe usukani."

Tukabadilishana viti. Sufuria nikapakata mimi. Matone ya kwanza yakaanza kupiga kioo, makubwa makubwa.

Nikamwambia, "Sikiliza. Ukiingia Kiwiko usiondoe mguu katikati."

"Mama, mimi ndiye ninayewalipa wanaogonga. Unanifundisha nini?"

Wahenga walishasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikaishika sufuria kwa mikono miwili.

Kona ya kwanza akaingia akijiandaa gari lilale. Halikulala. Ya pili, halikulala. Nikamwona anashangaa, kisha anafurahi, kisha anaongeza mwendo. "Limenyooka! Umelifanya nini?" Nikasema limejipumzisha. Bosi wako ana haki, mume wangu, gari lisiloinama halimwonyi mtu. Alifika Kiwiko na mwendo ambao Mke Mwenza wa zamani angeshampigia kelele tangu juu.

Katikati ya kona akashtuka. Akaondoa mguu.

Mkia ukatoka kama ulivyoandika, bila hodi. Akaita "Mama!" Breki ya mwalimu ilikuwa chini ya unyayo wangu na sikuigusa, maana kuigusa pale ni kuhamia kwa mshona viatu na kulea mapacha moja kwa moja. Nikatumia sauti ya kazini: "Macho unakotaka kwenda! Usukani fuata mkia. Mafuta kidogo. Kidogo! Achia usukani urudi." Akatii kila neno. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mkaguzi wa wakaguzi, akatii kama siku ya kwanza niliyomkalisha kwenye kiti kile. Mkia ukarudi. Tukasimama kwenye nyasi, mbele kukiwa mbele. Mshona viatu akapiga makofi uani kwake.

Baba yako akazima injini. Mvua inapiga. Nami niliogopa, sitakudanganya, kwa sababu yule ni mwanangu hata akiwa na cheo.

Kisha akasema, "Mama, endesha wewe."

Nikamwambia nitaendesha, ila kwanza atazame mapaja yangu. Sufuria ilikuwa tupu. Nimelowa hadi kwenye soksi. Dereva akimlowesha abiria, dereva anaacha funguo. Maneno yake mwenyewe. Akazing'oa funguo akaniwekea kiganjani, akaanza kucheka, na kicheko chake sijakisikia tangu mama yako aliposafiri. Tulicheka mpaka vioo vikafunga ukungu. Mnunuzi ameambiwa akafungue boneti kwingine.

Usiniulize kama goti lilikuwa limesema lolote asubuhi ile. Goti ni langu.

Sasa tuje kwako. Nimekuuliza, ukanijibu viatu. Nimekuuliza, ukanijibu foleni. Mara ya tatu ukanijibu kwa kukosea namba. Mume wangu, wewe hujui kuendesha gari. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Mtu aliyewahi kuusikia mkia ukitoka hasemi "bosi anasema". Anasema moyo ulimjia mdomoni. Unanyoosha vyuma vya watu kutwa nzima, halafu unashusha gari kwenye jeki na kumpa mwingine alipeleke barabarani.

Mficha uchi hazai. Sikuwa nagombea funguo kwa ajili ya sokoni peke yake. Nina mwanafunzi mmoja bado sijamfundisha, na nilitaka chuma chake mwenyewe kiwe chini ya gari atakalojifunzia, akisikie kwa makalio yake, si kwa masikio.

Jibu. Bila viatu.

Bibi


9 Juni

Shikamoo Bibi,

Sijambo. Wengine wote unaowajua wako ulivyowaacha.

Nimeanguka mtihani mara tatu. Mara ya tatu mtahini alishuka njiani akapanda pikipiki, hata mlango hakuufunga. Mimi mjukuu wa Mwalimu. Ningekuambiaje? Mafundi wenzangu nimewaambia macho yangu hayapendi jua.

Niliposoma habari ya Kiwiko niliona wivu, si wa gari, wa baba. Ile sauti ya kazini sijawahi kuisikia.

Bosi amenipa likizo ya wiki mbili kuanzia tarehe ishirini. Ninakuja na basi la asubuhi. Usimwambie baba, na usimwambie shangazi, maana ni sawa na kuwaambia mapacha.

Bibi, naomba kitu kimoja. Mwambie fundi arudishe chuma tundu la mbali. Naogopa.

Mumeo


15 Juni

Mume wangu,

Kiko tundu la mbali tangu jioni ya siku ile ya sufuria, hata nguo zangu hazijakauka. Njoo na viatu vya zamani, hivyo vipya vitateleza kwenye pedali.

Mwalimu wako